Hakuitika Mwano

Damu ya kondoo ilifika saa mbili kutoka Usagara
ndani ya boksi la barafu lililonuka sangara.
Niliiosha mara tatu, nikaivika kingamwili,
nikapanga mirija: wangu, na wa Nyamizi.
Umeme ulikuwepo. Nilishukuru harakaharaka,
maana walinzi wanaolala ndani ya maji ya damu
hawavumilii joto, hufa bila kuaga.

Nyamizi ana miaka kumi na mmoja, mtoto wa Kome.
Homa ya uti wa mgongo imemrudia.
Mara ya kwanza walisema bahati mbaya.
Mara ya pili walimsema bibi yake.
Mara ya tatu Daktari Lushinge akaniletea karatasi:
tazama kama ulinzi wake unaamka.

Unavyoamka nakujua kama njia ya Kirumba.
Yupo anayeona kingamwili imemkaba mgeni, akapiga yowe.
Yupo anayepapasa sukari ya ngozi ya kijidudu:
hii si ya kwetu, naye akapiga.
Na yupo asiyelala kabisa,
agongaye polepole usiku kucha kila ukuta,
wa ndugu na wa adui,
akisikiliza upi hautajibu.

Mmoja humwamsha Nne, Nne humwamsha Mbili
(hesabu usiniulize, walipewa namba
kabla mwendo wao haujajulikana),
na njia zote huishia mlangoni kwa Tatu.
Tatu hupasuka.
Kipande kidogo hukimbia kuita watu.
Kikubwa kina kufumba na kufumbua tu
kumng'ang'ania mgeni; kikikosa pa kushika, kimekwisha.
Kikishika, huwapasua Tatu wengine, na hao wengine,
hadi kijidudu kifunikwe
kama taa ya gati na wadudu wa ziwani.

Usukumani tunauita mwano.
Ukipigwa unatoka, hata kama tonge liko mkononi.
Asiyetoka hulipa.

Seli zetu zina alama yake,
wenye rungu wasije wakampiga mwenye nyumba.

Kisha Tano. Sita humshika Tano mkono,
Saba huzama kwenye ngozi ya mgeni, Nane huchimba,
Tisa huja wengi, hujipanga duara,
na katikati ya duara, tundu.
Maji yanaingia. Kijidudu kinavimba, kinapasuka.
Hakuna risasi. Ni tundu na maji,
jambo ambalo mtu wa kisiwani haelezwi mara mbili.

Saa moja ikapita, nikaitoa mirija.
Wangu mwekundu, angavu, kama juisi ya rozela:
seli za kondoo zimepasuka zote.
Wa Nyamizi, maji matupu juu,
na chini kitone cha damu kimetulia,
kizima, hakijaguswa na mtu.
Nikarudia. Jioni nikarudia tena.
Halafu nikadondosha tone la kwangu ndani ya wa kwake,
nikangoja.
Ukawa mwekundu.

Kwa hiyo hakuna aliyewafunga.
Kuna ambaye hayupo.
Kumjua kulichukua wiki tano na vitendanishi vya kukopa.

Nilimweleza mama yake kwenye benchi la nje, Bugando,
ziwa likimeta chini, katikati ya mabati na majabali.
Nyanzala alisikiliza bila kupepesa.
"Ni nani ambaye hakuitika?"
Sita, nikasema. Mtoto hakuzaliwa naye.
Wengine wote wanafika kwa Tano, wanasimama pale, wanatazamana.
"Basi hatozwi faini."
Hatozwi.

Nikamwonyesha kadi ya chanjo, na tarehe za kurudi.
Vidonge hivi, kila siku.
Na akishikwa na homa, shingo ikikaza,
usingoje kivuko cha asubuhi.

Aliifunga kadi kwenye pindo la khanga.
"Boti ya kukodi usiku," akasema,
"mafuta analipa nani?"

Swali hilo halina mrija.
Nilimwomba kadi tena,
nikaandika nyuma yake namba yangu ya simu.